Mahindi yana dirisha moja mpakani, faili la mgonjwa bado linazungushwa

Lori la mahindi linalotoka soko la Kibaigwa, Dodoma, kwenda Nairobi husimama Namanga mara moja. Maofisa wa Tanzania na wa Kenya wanakaa chini ya paa moja, karatasi zinapita dirisha hadi dirisha, na dereva akimaliza upande anakoingia huwa amemalizana na nchi zote mbili. Haikuwa hivyo zamani. Wafanyabiashara walilalamika miaka mingi kabla vituo vya pamoja vya mpakani havijajengwa, na mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapata sheria inayovisimamia. Leo Namanga, Busia, Malaba, Holili na Taveta, Mutukula na Rusumo vinafanya kazi kwa mtindo huo. Foleni hazijaisha, lakini hakuna mfanyabiashara anayetaka kurudi kule walikotoka.

Mtafiti wa afya hana dirisha la namna hiyo. Akitaka kujua dereva wa lori hilo, utingo wake, wakala wa forodha na mama lishe anayewauzia chakula wanaugua nini, wanatibiwa wapi na wanapona au hawaponi, itabidi asome mafaili ya hospitali za pande zote za mpaka. Hahitaji kumchoma mtu sindano wala kumpa dawa ya majaribio. Anachotaka ni kusoma kilichokwisha kuandikwa. Hata hivyo atabisha hodi kwenye ofisi moja baada ya nyingine katika kila nchi, kana kwamba jumuiya yenyewe haijawahi kuundwa.

Jambo hili linaonekana kuwa shida ya wasomi. Kwa kweli ni shida ya biashara, na anayeilipia ni mtu mwenye mzigo mpakani.

Bili ya mwaka 2020

Wafanyabiashara wa mpakani hawajasahau Mei 2020. Kenya ilifunga mipaka yake na Tanzania na Somalia kwa watu, ikaacha malori ya mizigo tu. Madereva walipimwa Covid-19 Namanga, na majibu ya upande mmoja yakapingwa upande wa pili. Malaba, foleni ya malori ilinyooka kilomita nyingi, madereva wakilala ndani ya gari siku kadhaa wakisubiri majibu ya maabara. Zambia nayo ilifunga mpaka wa Nakonde kwa muda mwezi huohuo, na mizigo iliyotoka bandari ya Dar es Salaam ikakwama Tunduma. Baadaye mwaka huo ndipo Jumuiya ikaja na mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ambao cheti cha dereva kiliweza kusomwa na nchi nyingine.

Wakati huo wote, hakuna aliyeweza kuweka mezani rekodi za afya za madereva na wachuuzi kutoka pande mbili za mpaka, zilizokusanywa kwa namna moja, zionyeshe hatari ilikuwa kubwa kiasi gani na ilikuwa wapi. Pasipo na takwimu za pamoja, uamuzi huchukuliwa kwa hofu, na hofu hufunga lango lililo karibu. Dereva akawa mshukiwa wa kwanza, na mchuuzi wa nyanya akawa wa pili.

Covid-19 haikuwa ya mwisho. Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, Rwanda Septemba 2024, na Kagera tena Januari 2025. Mwishoni mwa Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox. Mtu huyo alikuwa msafiri aliyetoka Uganda kuelekea Rwanda kupitia Kenya, na aligunduliwa kwenye mpaka wa Taita Taveta. Ukitazama ramani ya safari yake, unaona njia ile ile ya biashara ambayo maelfu huipita kila wiki. Mlipuko mwingine utakuja. Swali ni kama safari hiyo watawala watakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kufunga lango.

Mgonjwa mmoja, rejesta mbili

Kuna gharama nyingine isiyotangazwa redioni. Chukua mfano wa mwanamke anayeuza mitumba Busia. Anaanza matibabu ya kifua kikuu katika kituo cha afya upande wa Kenya. Dozi ya kawaida ni miezi 6. Mwezi wa tatu biashara inampeleka Tororo na Mbale, anakaa kwa ndugu, na dawa zinakwisha akiwa huko. Anakwenda kituo cha karibu upande wa Uganda, anapimwa, anaandikishwa na kuendelea na matibabu.

Upande wa Kenya, rejesta itamwandika mtoro. Upande wa Uganda, kama hakubeba kadi yake, huenda akaandikwa mgonjwa mpya. Taarifa ya robo mwaka ikifika Nairobi, kituo cha kwanza kinaonekana kimeshindwa kumtunza mgonjwa. Ikifika Kampala, kituo cha pili kinaonekana kimepata mgonjwa zaidi. Kumbe ni mtu mmoja, anayemeza dawa zake na kusukuma biashara yake. Na kama hakufika kituo chochote, dozi ikakatika na vijidudu vikazoea dawa, pia hakuna rejesta itakayolisema hilo. Zote mbili zitakuwa na nafasi tupu.

Mfano huo hautoki hewani. Tangu mwaka 2006 mtandao wa kimataifa wa utafiti unaojulikana kama IeDEA umekuwa ukiunganisha rekodi za kawaida za kliniki za VVU, na kanda yake ya Afrika Mashariki inahusisha Kenya, Uganda na Tanzania. Watafiti walipowafuatilia watu waliohesabiwa kuwa wamepotea kwenye matibabu katika nchi hizo, walikuta baadhi wamefariki bila kituo kujua, na sehemu kubwa ya waliopatikana hai walikuwa wakiendelea kutumia dawa katika kituo kingine. Walikuwa wamehama kimyakimya, bila barua ya rufaa. Kwa daftari la kituo cha kwanza, wote hao walikuwa watoro.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa anayeishi kwa kusafiri. Kiongozi anayeamini kwamba wafanyabiashara ni watoro wa dawa ataandaa mahubiri na faini. Akijua kwamba wanahama kituo kwa sababu ya gulio, atapeleka dawa za miezi mitatu badala ya mwezi mmoja, ataruhusu kadi ya upande huu isomwe upande ule, na atafungua kliniki siku ya soko. Uamuzi wa aina ya pili hutoka kwenye mafaili yaliyosomwa kwa pamoja, na hauwezi kutoka kwenye rejesta ya kituo kimoja.

Kampala mpaka Afrika Kusini kwa gari la mtumba

Afrika Mashariki ilishawahi kuonyesha dunia faida ya kusoma rekodi za nchi nyingi. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alianza kuwaona watoto wenye uvimbe wa ajabu kwenye mataya. Alirudi kwenye kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya watoto 38. Kisha akatuma barua zenye picha kwa hospitali na vituo vya misheni sehemu mbalimbali za Afrika, akiuliza kama wao pia wamewahi kuuona uvimbe huo.

Majibu yalipomiminika, aliamua kwenda mwenyewe. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari la mtumba aina ya Ford, wakapita Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia mpaka Afrika Kusini, kisha wakarudi. Walisafiri takriban kilomita 16,000 kwa wiki kama 10 na kutembelea hospitali karibu 60, wakiuliza madaktari na kupekua kumbukumbu.

Walichokipata kisingeonekana kutoka hospitali moja, hata ingekuwa kubwa namna gani. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye maeneo ya joto na mvua, ambako malaria pia ilikuwa kali, na ulipungua kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo iliwasukuma wataalamu kutafuta chanzo cha kuambukiza. Mwaka 1964, katika chembe za uvimbe zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi kipya, ambacho ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Simulizi hiyo ina mafunzo mawili, na yote yana uzito. La kwanza ni kwamba ugonjwa hauheshimu mipaka, kwa hiyo anayesoma rekodi za upande mmoja anasoma nusu ya barua. La pili ni kwamba kirusi kilipewa jina la watafiti wa London, wakati chembe zilitoka kwa watoto wa Uganda, na enzi hizo hakuna aliyekuwa na utaratibu wa kuwauliza wazazi kama wanaridhia taarifa na uvimbe wa watoto wao vivuke bahari. Vibali vya leo vilizaliwa na historia ya namna hiyo. Anayetaka kuvifuta vyote hajui kwa nini viliwekwa.

Milango ya kubisha

Shida iliyopo ni wingi wa milango na kutosikilizana kwa wanaoilinda. Tanzania Bara, utafiti wa afya unapitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti wa kigeni huongeza kibali cha COSTECH, na kwa utaratibu huo Mkenya au Mganda anahesabiwa mgeni kama Mjerumani. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya. Kenya, mtafiti hupita kwanza kamati ya maadili iliyosajiliwa, kisha leseni ya NACOSTI, kisha kaunti na hospitali yenyewe. Uganda kuna kamati ya maadili, halafu usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, halafu uongozi wa hospitali. Rwanda ina Kamati ya Taifa ya Maadili. Burundi na Kongo zina zao, na huko nyaraka huandaliwa kwa Kifaransa.

Kila mlango una fomu yake, ada yake na kalenda yake ya vikao. Kamati ya nchi moja ikidai sentensi moja ibadilishwe, badiliko hilo hurudi kwa kamati nyingine zote ili nazo ziliridhie. Mfadhili wakati huo anahesabu miezi. Kishawishi kinachobaki ni kupunguza nchi, na inayoachwa mara nyingi huwa ile yenye njia ndefu. Utafiti wa mpakani unageuka kuwa utafiti wa upande mmoja wa mpaka, na yule mama wa mitumba anabaki mtoro.

Wafanyabiashara wanalielewa hili kuliko watu wengi. Wanakumbuka siku ambazo mzigo wa dola 300 ulihitaji karatasi sawa na za kontena, kabla ya cheti rahisi cha uasilia kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Cheti hicho kilipima ukubwa wa ukaguzi kwa ukubwa wa hatari. Forodha haikuondolewa. Kusoma faili la zamani lililofutwa jina si sawa na kumjaribia mtu chanjo mpya, na ukaguzi wake haupaswi kuwa mzito kiasi hicho hicho mara tano.

Dagaa, omena, mukene

Hata vibali vikipatikana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Samaki mdogo wa Ziwa Victoria anaitwa dagaa Mwanza, omena Kisumu na mukene Jinja. Mfanyabiashara anayejua jina moja tu atadhani ni samaki watatu. Rekodi za hospitali ziko vivyo hivyo.

Tazama sukari ya damu. Maabara moja itaandika 7.0, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Nyingine itaandika 126, kwa miligramu kwa desilita. Ya tatu, iliyozoea utaratibu wa Kifaransa kama ilivyo Burundi na Kongo, inaweza kuandika 1.26, kwa gramu kwa lita. Namba hizo tatu zinasema kitu kimoja: mtu aliyepimwa akiwa hajala amefikia kiwango cha kisukari. Asiyebadilisha vipimo atamhesabu mmoja kuwa mgonjwa mahututi na mwingine kuwa anakaribia kufa kwa kukosa sukari. Ni sawa na kulinganisha bei ya gunia la kawaida na bei ya lumbesa, halafu kumtangaza muuzaji mmoja kuwa mwizi.

Ndiyo maana utafiti mzuri wa mafaili huanza na kamusi kabla ya faili la kwanza kufunguliwa. Kamusi hiyo hueleza kila neno litakalokusanywa linamaanisha nini katika kila nchi, kipimo gani kitatumika, na tarehe itaandikwaje. Wasomaji wa mafaili hufundishwa pamoja. Wawili husoma mafaili yaleyale kila mmoja kivyake, kisha majibu yao hulinganishwa, na wakipishana sana kamusi hurekebishwa. Na kuna kanuni ambayo kila mtafiti wa rekodi hufundishwa: kisichoandikwa si lazima kiwe hakikutokea. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi kwenye benchi haandiki kila kitu.

Rejesta nyingi za zahanati zina jina, umri, jinsia, kijiji, ugonjwa na dawa. Kazi ya mgonjwa mara nyingi haimo, wala kama amevuka mpaka. Na mgonjwa anayehofia kuulizwa uraia au kutozwa ada ya mgeni anaweza kuandikisha mtaa wa shemeji yake. Kwa hiyo mfanyabiashara wa mpakani, ambaye bajeti za afya za mipaka zinapaswa kumfikiria, hafahamiki kwenye karatasi. Mikoa na kaunti hupanga dawa kwa idadi ya wakazi wake, na yeye si mkazi wa popote siku anapougua.

Daftari la madeni halitoki dukani

Hofu kubwa ya wafanyabiashara ni usiri, na ni hofu ya haki. Mji wa mpakani ni mdogo. Ukiandika "mwanamke, miaka 34, muuza mitumba, Busia, kifua kikuu", hujataja jina, lakini nusu ya soko imeshamjua. Habari ya ugonjwa ikivuja, wateja hupungua, kikundi cha kukopeshana humwogopa, na ndoa huyumba. Wapo pia wanaojiuliza kama rekodi ya hospitali inaweza kuishia mezani kwa ofisa wa uhamiaji au wa kodi.

Sheria zipo. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Zote zinazipa taarifa za afya uzito wa pekee na zote zinaweka masharti ya kuzitoa nje ya nchi. Rwanda inataka taarifa zihifadhiwe ndani ya nchi isipokuwa idhini imetolewa. Sheria hizi ni ngao nzuri. Lakini zimeandikwa kila moja peke yake, na mtafiti anayezitii zote nne huishia na mikataba minne inayovutana.

Njia ya kutoka ipo, na kila mwenye duka anaijua. Jirani akikuuliza umeuza kiasi gani wiki hii, unaweza kumwambia jumla bila kumpa daftari la madeni lenye majina ya wateja wako. Utafiti unaweza kufanywa hivyo. Mafaili yanabaki hospitalini, chini ya sheria ya nchi yake. Kinachosafiri ni hesabu: timu ya kila nchi inaendesha programu ileile kwenye rekodi zake, na kupeleka mezani majumla tu. Umri unaandikwa kwa makundi. Kundi lenye watu wachache mno halichapishwi, ili Busia isimtambue mtu wake. Njia hii ina upungufu. Haiwezi kirahisi kumuunganisha mtu mmoja aliyeandikwa pande mbili, na kwa hilo itahitajika ridhaa ya mgonjwa mwenyewe na namba ya siri. Lakini kwa maswali mengi, majumla yanatosha.

Wanaosema kila nchi ifungie rekodi zake ili zisiibwe wana hoja, na mkasa wa chembe za Mulago ni shahidi wao. Kasoro ya hoja yao ni kwamba kufungia hakujawahi kuzuia rekodi kutoka. Taasisi kubwa ya ng'ambo yenye fedha na wanasheria huweza kubisha milango yote na kusubiri. Anayeshindwa ni daktari wa Mutukula anayetaka kulinganisha rejesta yake na ya mwenzake aliye mita 500 upande wa pili. Ugumu wa sasa unamchuja mwenyeji na kumwacha mgeni apite.

Kinachowezekana kufanywa

Jumuiya haihitaji kubuni chombo kipya. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki ipo, na makao yake ni Bujumbura. Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 118, uliagiza nchi zishirikiane katika afya. Mfano wa kuigwa nao upo. Mwaka 2012 mpango wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha, wataalamu wa mamlaka za dawa za nchi mbalimbali wakaanza kuketi pamoja kukagua faili moja la dawa, huku kila nchi ikibaki na haki ya kutoa au kunyima kibali chake. Kama dawa, ambayo ikikosewa inaua, inaweza kukaguliwa kwa pamoja, usomaji wa mafaili yaliyofutwa majina hauwezi kuwa mgumu zaidi.

Baraza la mawaziri wa afya wa Jumuiya linapaswa kuamua mambo manne. Kwanza, kwa utafiti wa rekodi usiomgusa mgonjwa, kamati ya maadili ya nchi moja isome ombi lote, na kamati za nchi nyingine zisome yale yanayohusu nchi zao tu, kwa idadi ya siku iliyotajwa, zikiwa na haki ya kukataa kwa sababu zilizoandikwa. Pili, majumla yasafiri, mafaili yabaki, na iandikwe wazi kwamba taarifa za utafiti hazitatumika kwa uhamiaji, polisi wala kodi. Tatu, vituo vya afya vya mipakani viongeze maswali mawili kwenye rejesta: unafanya kazi gani, na dozi ijayo utaichukulia wapi. Nne, matokeo yarudi sokoni kwa Kiswahili kabla hayajazeeka kwenye majarida, ili mwenye banda ajue utafiti uliopita kwenye rejesta yake umesema nini.

Wafanyabiashara nao wana kazi yao. Kamati za maadili hutakiwa kuwa na wajumbe wasio wataalamu, wanaosemea jamii. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vinaweza kudai nafasi hizo badala ya kusubiri kualikwa kwenye semina ya mwisho. Kwenye vikao vya kamati za pamoja za mipaka, ambako hoja huwa ni ushuru, mizani na foleni, vinaweza kuweka ajenda moja ya afya: lango likitakiwa kufungwa kwa sababu ya ugonjwa, zionyeshwe rekodi za pande zote mbili kwanza. Na kila msafiri anaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji baraza la mawaziri, yaani kubeba kadi yake ya kliniki pamoja na hati yake ya kusafiria, na kumwomba muuguzi barua ya rufaa kabla ya kuvuka.

Jumuiya ilikubali kwamba mzigo wa mahindi usifunguliwe mara mbili kwa ukaguzi uleule, kwa sababu wenye mahindi walipiga kelele mpaka wakasikilizwa. Wagonjwa hawana chama. Ila wengi wao ni wafanyabiashara walewale, na chama cha wafanyabiashara kipo.